Bitana ya Kijani

Meza nzima ilikuwa Welile. Kofia yake, viatu vyake vya rangi mbili vilivyong'aa kuliko maisha yake, kikopo cha matete ya saksafoni, tangazo la dansi lililokunjika hadi jina lake likakatika katikati. Tai ya harusi ya kwanza ilikuwa imelala juu ya tai ya harusi ya pili. MaBhele, mjane wake, ndiye mwenye harusi ya pili. Akazitenganisha zile tai. Akaona inaonekana vibaya, akazirudisha vilevile.

Ukumbi wa zamani wa mtaa wa New Brighton ulikuwa unageuzwa makumbusho ya muziki, ndiyo maana binti mmoja aitwaye Siphokazi alikuwa pale sebuleni, miwani mikubwa, simu mkononi, anapiga picha kila kitu mpaka kitambaa cha meza.

"Mama, Tata Welile alikuwa anafanya kazi gani mchana?"

"Kiwanda cha ngozi. Jumatatu mpaka Ijumaa ananuka ngozi, Jumamosi ananuka marashi, Jumapili ananuka pombe. Mimi mwenzio niliolewa na wanaume watatu kwa mahari ya mmoja."

Siphokazi akacheka mpaka miwani ikashuka. Halafu akaokota picha ya bendi, ile isiyo na rangi. Welile yupo mbele, mashavu yamejaa pumzi, na pembeni yake amesimama mwimbaji, gauni refu la mahameli, bega moja wazi. Yaani gauni la kufanya watu wasahau kula.

"Jamani hili gauni! Lilikuwa rangi gani?"

"Kijani," MaBhele akajibu. Haraka mno.

"Bado lipo?"

"Panya walilila."

Basi. Ukatoka wenyewe, uongo uleule, kwa sauti ileile, kama vile umekuwa ukisubiri mlangoni miaka yote hiyo. MaBhele akainuka eti anaangalia sufuria ya mahindi na maharage jikoni. Akashika ukingo wa jiko la gesi, akakaa hapo.

Maana yule mwimbaji ni MamTolo, mke wa kwanza wa Welile. Waliachana kwa kelele mtaa mzima ukasikia, akaondoka na mtoto mgongoni na sanduku moja. Gauni likabaki nyuma ya mlango wa chumbani. MaBhele alipoolewa alilikuta linaning'inia pale, na kila akifunga mlango linacheza kidogo, kama mtu anayecheka chinichini.

Siku moja MamTolo akaja mpaka getini, hakuingia. Akasema, "Dada, sijaja kwa mume, mume ni wako, mlishe. Nimeitwa Johannesburg kuimba na bendi kubwa, treni ni Ijumaa. Naomba gauni langu tu."

MaBhele alikuwa bibi harusi mpya mwenye wivu wa moto. Akamtazama usoni, akasema, "Pole, dada. Panya walilila."

Sasa ukishasema panya wamekula gauni, halafu gauni linaning'inia ndani, utafanyaje? MaBhele ni fundi cherehani. Asubuhi yake akalitandika mezani, akachukua mkasi. Kasha la saksafoni lilikuwa limechanika bitana yote, ndani mbao tupu. Akakata, akapima, akashona, akagandisha. Ikatoka bitana ya mahameli ya kijani, nzuri kupita kiasi. Na yeye akajiambia, haya, mwanamke huyo amekwisha katika nyumba hii.

Kumbe ndiyo kwanza amemtandikia kitanda.

Welile alipofungua kasha jioni ile, akapitisha mkono juu ya kitambaa taratibu. Hakuuliza. Akasema tu, "Umeshona vizuri, MaBhele." Yeye aliyekuwa anatupa saksafoni kama koleo, tangu siku hiyo akawa anailaza kama mtoto mchanga. Hata siku asizopiga alikuwa analifungua lile kasha, anaangalia, anafunga. Mkewe yuko mezani anamwona. Angesema nini? Ameshona mwenyewe.

MamTolo alikwenda Johannesburg na sketi ya shangazi yake. Wiki haikuisha, akarudi. Toka hapo akaimba kanisani na misibani tu. Kila msiba wa New Brighton MaBhele alikuwa anaisikia ile sauti, kubwa, inapanda mpaka mabati yanaitikia, na yeye anainamisha kichwa. Watu walidhani anamlilia marehemu.

Jumamosi chama cha jazi kikaja kuchukua vitu. Wazee wanaokutana kila Jumapili hao, wale ambao kila mmoja huleta santuri yake moja na ole wako uongee kabla haijaisha. Kofia, fimbo, viatu vya rangi mbili, sebule ikawa kama duka la viatu. MaBhele alikuwa ameandaa skonzi na ndoo nzima ya kinywaji cha tangawizi. Mwenyekiti wao, Tata Monde, ndiye kaka yake Welile, na alishasema mapema: ng'ombe wa mahari ya MamTolo hawakurudishwa kwa kina Welile hata mmoja, kwa hiyo kwa ukoo yule bado ni mke, lazima awepo.

Akaja. Mwembamba, kitambaa kichwani, mdomo uleule.

"MaBhele! Bado unapika maharage yanayovunja meno?"

"Wewe meno unayo?"

"Ninayo mawili, nayalinda na mapishi yako."

Wazee wakacheka. MamTolo akaiona ile picha mezani, akaishika. "Nilikuwa mzuri, nyie. Hivi lile gauni si lililiwa na panya? Panya wa enzi hizo walikuwa na pesa, walikuwa wanakula mahameli." Akasema kwa utani kabisa, akairudisha. MaBhele akamwaga tangawizi kwenye sosa.

Halafu Tata Monde akavua kofia. "Kitu cha marehemu hakitoki nyumbani bila mwenyewe kuambiwa. MaBhele, mwambie mumeo."

Hapo ndipo alipokuwa anapaogopa. Kumdanganya Siphokazi, aliweza. Kumdanganya MamTolo, alishafanya. Lakini kwa Welile, mbele ya ukoo, mikono juu ya kasha lake? Akapiga magoti. Akafungua. Saksafoni ikatoa mwanga wake wa njano, na chini yake mahameli yaliyofifia katikati, ila pembeni bado kijani kibichi.

"Welile," akasema, "saksafoni yako inakwenda ukumbini. Ipo salama." Akagusa mahameli. "Bitana si yangu. Wewe ulijua. Nililikata gauni la MamTolo likiwa zima. Hakukuwa na panya."

Mzee mmoja skonzi mdomoni, hatafuni.

MamTolo akasogea na fimbo yake. Akaweka kidole kwenye kona ya kasha, kwenye kitundu kidogo cheusi. "Sigara ya mpiga ngoma," akasema. "Nilimzaba kofi." Akapapasa mshono. "Na panya wenyewe walikuwa na cherehani."

Wazee wakaangalia viatu vyao.

"Walinicheka Johannesburg," akasema. "Kabla sijafungua mdomo. Sketi ya shangazi ilikuwa inanifika hapa," akagusa chini ya goti. "Nilipofungua mdomo haikutoka hata sauti. Mimi! Itoe."

"MamTolo..."

"Kitambaa changu. Itoe."

"Lakini Mama, hiyo ni sehemu ya kumbukumbu!" Siphokazi akaingilia.

"Kumbukumbu ya nani, mwanangu?"

Siphokazi akairudisha simu mfukoni. MaBhele akaleta kifumulio chake, akafumua uzi mmoja mmoja, gundi inalia tiki tiki, wazee wote wamesimama wanasubiri kama kanisani. MamTolo akakaa kitini, vipande vikamwangukia mapajani. Vyote kwa pamoja havikutosha hata mkono wa gauni.

"Nisamehe," MaBhele akanong'ona.

"Sijakusamehe. Usianze kulia hapa, utalowesha mahameli yangu." MamTolo akavikunja vipande. "Tata Monde, siku ya kufungua huo ukumbi nani anaimba?"

"Hatujapanga."

"Mmeshapanga. MaBhele, tafuta kijani kama hiki. Hivi vipande utaviweka kwenye kola, vionekane. Jumanne nakuja unipime."

Saksafoni ikaondoka imefungwa kwenye koti la mvua la Welile.

Jumanne MamTolo akasimama katikati ya sebule, mikono juu, anajiimbia polepole kwa koo tu. MaBhele akamzungushia futi kiunoni. Kile kiuno cha kwenye picha hakikuwepo tena, futi ilizunguka ikabaki nyingi mkononi.

"Ngapi?" MamTolo akauliza.

MaBhele akalegeza futi. Akapima tena, maana mara ya kwanza hakuziona namba kwa machozi.