Mkono Uliokuwa Chini ya Blanketi

Mama alikuwa akichambua kahawa kwenye ungo, nyumbani kwetu Kishanda, vidole vya kulia vikaacha kumwambia kitu. Punje aliziona zinapita, ila hakuzisikia. "Mkono huu umeniacha," aliniambia, ulimi mzito. Nikamwambia ni uchovu, akalale. Hayo ndiyo yaliyokuwa maarifa yangu!

Hospitalini Bukoba daktari alinieleza taratibu, maana nilikuwa nafoka. Ukimshika mtu mkono, alisema, habari hupanda kwa uti wa mgongo hadi kwenye shina la ubongo, juu tu ya shingo. Pale kuna seli zinazoipokea, zikaivusha upande wa pili, zikaipeleka juu kwenye sehemu nyingine za ubongo, na huko ndiko mtu anakojua kwamba ameshikwa. Kiharusi kilikuwa kimeikata njia hiyo. Habari za moto na maumivu hupita kwingine, ndiyo maana Mama alilalamika kikombe cha chai kilipogusa mkono uleule ambao nikiushika hakujua. "Mshikeni wa kushoto," daktari alisema. Nilimwelewa vizuri kabisa, sina cha kusingizia.

Tukiwa wawili nyumbani, nilimshika wa kushoto. Alinibinyabinya vidole kimoja kimoja na kunitania, "Laini hivi! Jembe umeligawa?" Nilicheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya nyumba, kwenye migomba.

Siku aliyozidiwa, nyumba ilijaa. Wajomba walitoka Ijumbi, majirani wakaja moja kwa moja kutoka kanisani. Kwetu mkubwa hapewi mkono wa kushoto, awe mgonjwa au mzima. Kila aliyeingia alipiga goti, akaamkia kwa heshima, "Waitu, Mama," akaupokea ule wa kulia kwa mikono yake miwili. Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya blanketi, nami nikainama kuufunua.

"Mpe mama yako mkono kwa heshima," mjomba mkubwa akanikemea mbele ya watu.

Jamani, nikaona aibu. Mtu mzima na mvi zangu! Ningeweza kumweleza mjomba kwa maneno mawili tu. Badala yake nilizunguka kitanda nikaushika wa kulia, nikaukaza.

"Niko hapa, Mama."

"Nakusikia," akasema. "Mbona hunishiki?"

"Nimekushika, Mama."

"Aa, hujanishika."

Mjomba akaanza sala, watu wakaitikia. Upande wa pili niliona blanketi linasogea kidogo, linatulia, linasogea tena. Nikasema moyoni sala ikiisha nitakwenda. Ilikuwa sala ndefu, na mimi, mjinga, niliitikia kila mahali pa kuitikia.

Ilipoisha nilizunguka nikafunua blanketi. Mkono ulikuwa umefunguka, kiganja juu, bado una joto. Nikautia wangu ndani yake, nikasubiri anibinye.