Kuinywesha Ethi

Mimi nina ulimi mbaya, na sikuuokota njiani. Tumezaliwa nao, mimi na dada yangu. Dada alipojenga nyumba yake Kilakala, chini ya mlima, umeme niliuingiza mimi, fundi wa ukoo. Siku ya kupigilia rodi ya ethi, ile fimbo ya chuma iliyovishwa shaba inayozamishwa ardhini ili umeme uliopotea njia ushukie huko badala ya kumpitia mtu, nilikutana na mawe. Nilipiga nyundo mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ikazama nusu, ikagoma. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaikata kwa msumeno wa chuma na kufukia kichwa chake. Kipande kilichobaki nilikichonga kikawa tindo la kutobolea kuta. Mafundi wa huku kwetu tunafanya hivyo, na anayebisha aje nimwonyeshe nyumba hadi nyumba.

Kabla sijaondoka nikawaagiza wa nyumbani: kiangazi kikifika, kila jioni mwageni pale ndoo ya maji ya chumvi, ethi lazima inyweshwe. Hiyo nayo ni kawaida yetu. Maji ya chumvi yanaficha mengi.

Aliyeshika agizo langu ni mpangaji wa chumba cha uani, mama mmoja wa Matombo aliyeuza mdalasini na pilipili manga sokoni. Alikuwa na binti wa kidato cha nne, na alipanga pale ili mtoto awe karibu na shule mpaka afanye mtihani wake. Kila jioni alibeba ndoo. Dada yangu hakumwaga hata kikombe.

Kiangazi kilipokaza, bomba la uani likaanza kupiga shoti. Dada akaniita. Nikachomeka msumari kwenye udongo mbichi, waya mmoja wa mita ya kupimia umeme nikaugusisha hapo, mwingine kwenye bomba: volti sitini. Nikamwambia yule mama azime jiko lake la umeme. Mita ikashuka. Akawasha, ikapanda.

Fundi mwenye akili angejiuliza kwa nini. Jiko linavuta umeme mwingi, na umeme huo unarudi kwa waya wa nyutro. Nyutro ikilegea mahali, umeme unatafuta njia nyingine ya kurudi, na mabomba yanaanza kung'ata. Ilitakiwa nifungue mein swichi niliyoifunga mwenyewe, nikague. Sikufungua. Kazi yangu mimi ilegee? Thubutu!

"Ni jiko la huyu," nikasema mbele ya wapangaji wote. "Mnaokota majiko mabovu huko, mnakuja kutuua."

"Fundi, jiko nilinunua jipya," akasema taratibu. "Na ethi nainywesha kila siku."

"Kunywesha ethi si kunywesha mbuzi, mama. Nyie wa mlimani umeme mmeuona juzi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na daftari mkononi, akinitazama.

Dada akampa yule mama wiki moja ahame. Mama akaomba avumiliwe mpaka mtihani upite. Jiko hatawasha, hata ikibidi walale njaa. "Mtihani ni wa mwanao," dada akamjibu, "nyumba ni yangu." Wakahamia Kingolwira, mbali na shule.

Siku ya nne baada ya wao kuhama, dada alikuwa anapiga pasi. Akaiacha inachemka, akatoka uani kunawa mikono bombani. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Alipiga yowe mpaka majirani wakaja mbio.

Nikafungua mein swichi. Skrubu ya nyutro, niliyoikaza kwa mkono wangu, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto, na plastiki yake imeungua. Nikaitengeneza. Kisha nikaenda kufukua rodi, na nikafukua kwa lile lile tindo. Udongo ulikuwa mweupe kwa chumvi ya yule mama. Rodi niliing'oa kwa mkono mmoja, kama muhogo.

Dada akaitazama, akatazama tindo. Unene mmoja, rangi moja. Si mjinga, alielewa.

"Tumwite arudi?" nikauliza.

"Ili aje atusute? Weka nyingine, ndefu. Chumba nimeshampa mpangaji mwingine."

Sikubisha. Ukweli ni kwamba nilishusha pumzi.

Mitihani ilipokwisha nilikutana na yule mama sokoni. Alinisalimia yeye kwanza. Nikamuulizia binti. Akasema siku ya hesabu usafiri kutoka Kingolwira uliwasumbua, mtoto akafika mlango umefungwa. Sasa yuko Matombo kwa bibi yake, anabeba ndizi. Hakunilaumu mimi. Alijilaumu mwenyewe kwa kununua jiko bovu. Alikuwa amekwisha litupa.

Akanifungia mdalasini kwenye gazeti, akanipa bure.

"Fundi, ile ethi," akauliza, "kuna mtu anainywesha?"

"Yupo," nikasema, nikaupokea mdalasini wake.