Nusu ya Kitabu cha Fisi

Enzi zetu pale Makuyuni, kitabu cha picha tulikigombania kama nyama ya juu ya sinia. Wanangu leo wana simu iliyojaa hadithi, na bado wananuna eti hawana cha kufanya. Sisi tulipata kimoja tu, nacho kimeninyima raha miaka na miaka.

Mimi na Stella, binti wa jirani ambaye babu yake alikuja kukata mkonge, tulilingana alama darasani. Shule ilipofungwa, Idi ikiwa imekaribia, mwalimu akatupa zawadi ya kitabu kimoja. "Someni kwa zamu," akasema. Zamu! Nani aanze? Tulivutana njia nzima, vumbi mpaka kwenye kope, na tulipofika uani kwetu nikachukua wembe wa baba tukakikata katikati. Stella alitaka nusu ya mwisho kwa kuwa ilikuwa na picha ya karamu. Mimi nikabaki na mwanzo, wenye jalada.

Humo kitabuni, Fisi kapika pilau la Idi na hataki kumpa mtu. Kaficha sufuria ndani ya kanzu, harufu inamuumbua, wanyama wote wanamfuata huku wakimsifia kitambi. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ukurasa wangu wa mwisho, Fisi kapanda juu ya paa na sufuria yake. Basi, hapo hapo pakaishia.

Sikutulia. Siku ya Idi mama alinituma kwa kina Stella na sahani ya pilau, kama mama yake alivyotuletea maandazi kila Krismasi. Stella alikuwa mlangoni, kakumbatia nusu yake. "Nipe yako kwanza." "Anza wewe." Hakuna aliyetoa. Mama alipojua akaniuliza, kama kawaida yake akiona uchoyo, "Mkono wako umefungwa na nini, mwanangu?"

Kabla shule hazijafunguliwa, kina Stella wakahamia Handeni. Asubuhi ya safari aliingia chumbani kwangu, nusu yake mkononi, anataka tubadilishane japo kwa dakika chache. Nikamwambia yangu imepotea. Ilikuwa chini ya godoro. Aliondoka bila kuniaga, na aibu ile ninayo hadi leo.

Mwaka huu nimekutana naye sokoni Korogwe, anauza nyanya. Hata salamu hazijaisha nikamuuliza, "Shoga, Fisi alishuka?"

"Yule maskini!" akasema. "Kwangu kitabu kinaanza analia, wenzake wanamlia pilau lake. Nimemhurumia maisha yangu yote."

Nikamsimulia uchoyo wa Fisi, akacheka mpaka akashika meza. Kisha nikasema, "Sikuipoteza ile nusu. Niliificha."

"Najua," akasema. "Jalada lilikuwa limechungulia chini ya godoro."

Wanangu hadithi zao wanazimaliza peke yao, kila mtu na simu yake, hawamdai mtu ukurasa. Idi ijayo Stella anakuja na nusu yake, kama panya wameibakiza. Yangu iko mezani tayari, na ingawa Idi bado, kila saa natoka kuchungulia njia.