Niliongoza askari miaka 25, mtaro wa maji Kyimo ukanishinda

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na hii si chai. Huku Rungwe chai tunailima, hatuisimulii.

Mimi ni mstaafu wa jeshi, nimetoka na cheo cha Sajini Taji. Miaka ishirini na mitano nimeishi kambini, mke na watoto nikiwa nao huko huko. Tumerudi nyumbani Kyimo mwaka juzi.

Sijamaliza hata miezi sita, wananchi wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Wanataka mtu wa nidhamu, walisema. Nikavimba kichwa, sifichi.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Injinia wa maji alituambia: chimbeni mtaro mpaka mahali pa kuchotea. Ukikamilika Ijumaa saa nne asubuhi, nashusha mabomba. Usipokamilika, gari linaenda kijiji kingine kule Suma.

Mahali pa kuchotea nilipapanga mwenyewe: mbele ya nyumba ya mzee wangu. Uwanja ni wake, hakupinga. Kwenye kikao nikasema, "Kuna swali? Hakuna. Tawanyikeni." Watu wakacheka, wakatawanyika.

Jumatatu na Jumanne mtaro ulikimbia. Roll call saa moja kamili, filimbi, kila kaya hatua kumi. Kinamama ndio waliobeba kazi, maana wanaume wengi walikuwa kwenye vibarua Kiwira.

Jumatano tukabakiza kipande cha mwisho, kile cha kuingia kwa mzee.

Kinamama hawakutokea.

Mmoja mgongo unauma, mwingine mtoto anaharisha, wa tatu kaenda sokoni Tukuyu. Nikapita nyumba kwa nyumba napuliza filimbi kama mwendawazimu. "Sawa Afande, tunakuja." Hakuja mtu. Wakuu, bora mtu akutukane kuliko akuitikie hivyo.

Alhamisi hali ile ile. Nikaingia jikoni kumfokea mke wangu, maana hata yeye hakuonekana kwenye mtaro. "Mke wa mwenyekiti umekaa unamenya ndizi, wenzako waige nini?"

Akaendelea kumenya. "Baba Atupele, hayo maji unamletea nani?"

"Ninyi kinamama."

"Sasa mimi nitachotaje maji mlangoni kwa mkwe?"

Nikakaa chini.

Kwa msiojua: kwetu Wanyakyusa, kwa wanaoshika mila, mke hakutani na baba mkwe. Akimwona kwa mbali anapinda njia. Na upande ule wa kijiji karibu kila mwanamke ameolewa na mtoto wa mzee wangu au wa ndugu zake. Nilikuwa nawachimbisha mtaro wa maji ambayo wasingeweza kuyachota. Kambini mzee alikuwa mbali, mambo hayo yakanitoka kichwani kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hakuna swali."

Nikaenda kwa mzee kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja mwenyekiti aniulize."

Nilitaka kulia. Kijiji kizima kinajua, asiyejua ni kamanda peke yake.

Jioni ile ile nikahamisha kigingi cha mahali pa kuchotea hadi njia panda ya shule. Ijumaa sijapuliza hata filimbi, kinamama wameshafika, wengine watoto mgongoni, mke wangu mbele. Nimeona askari wakichimba mahandaki, kasi ile sijawahi kuiona.

Saa nne injinia akafika. Zilibaki kama hatua thelathini.

Nikamwomba masaa mawili. Nikamwomba moja. Akasema amepewa amri na wakubwa zake. Gari likageuza kwenda Suma.

Sasa mtaro upo wazi, mvua inaujaza kila siku, na kinamama bado wanashuka mtoni na ndoo. Tumewekwa kwenye foleni, lini haijulikani.

Nilichojifunza ni hiki. Jeshini nilijua nani ana goti bovu, nani na nani hawapangwi lindo moja, kwa sababu niliwauliza. Nyumbani nikadhani najua. Watu wakanyamaza, nikauhesabu ule ukimya kuwa ni utii. Jeshi halikunifundisha vibaya, ni mimi niliyerudi na filimbi nikaacha masikio kambini.

Leo asubuhi nimemuuliza mke wangu kama amenikasirikia.

Akajibu, "Hapana, Afande."

Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniita hivyo.

Nipeni mawazo wakuu, hasa mliooa Unyakyusa. Naanzia wapi?