Karatasi ya Bwana Mifugo

Soko lilipoachiwa huru, kila mtu Mbinga aligeuka mfanyabiashara, na mama yangu hakutaka kubaki nyuma. Kahawa ilikuwa ya baba. Kuku wa kisasa walikuwa wake, mali ya kwanza ambayo mwanamume hakuweza kuiuza bila kumuuliza. Ili wasife kwa baridi, aliziba madirisha ya banda kwa magunia ya chama cha ushirika, yasiyokuwa tena na kazi kwa kuwa wanunuzi binafsi walikuja na ya kwao.

Kuku wakaanza kukohoa, macho yakawavimba. Mama akasema ni kijicho cha majirani.

Bwana mifugo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini, alisema ni amonia, hewa kali itokayo kwenye kinyesi kilicholowa. Alikuwa na vikaratasi vya manjano: ukilowesha kimoja na kukinyanyua bandani, kikigeuka buluu kuna hatari. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, hakuvamia nyumba za watu. Ziara zake zilitangazwa kanisani baada ya misa, pamoja na ndoa.

Sasa mwambie Mmatengo kwamba Jumatano anakuja mgeni! Tangu Jumanne sisi watoto tulishikishwa mafagio. Magunia yalishushwa, maranda yaliyolowa yakatupwa migombani, majivu yakamwagwa sakafuni. Bwana mifugo akaingia, akanyanyua karatasi, ikabaki manjano.

"Mama, banda lako linapumua kuliko ofisi yangu," alisema.

Akala ugali kwa kuku, mmojawapo wa wale wanaokohoa, akaondoka. Vumbi la pikipiki yake halijatua, magunia yalikwisharudi madirishani. Kila alipokuja ikawa hivyo, na si kwetu tu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kata nzima ilipona kwenye karatasi, na kuku wakaendelea kufa.

Siku moja mvua ilimkuta njiani akitoka Kingerikiti, akakimbilia kwetu bila taarifa. Mama alikuwa bandani akiokota mizoga. Kijana alipotoa karatasi yake, mama alisimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Leo hapana, baba. Sijafagia. Utapimaje nyumba ya mtu ikiwa chafu?"

"Mama, hiyo chafu ndiyo ninayoitaka."

"Njoo Jumatano."

Machozi yalikuwa yakimtiririka kijana kwa ile hewa, pua yake imekwishapima kila kitu. Lakini adabu ni adabu. Akairudisha karatasi mfukoni, akasema atakuja Jumatano. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili.

Kuku wa mwisho alikufa Jumanne, tukiwa tunafagia. Jumatano kijana aliingia katika banda tupu linalong'aa, akanyanyua karatasi.

"Salama?" mama aliuliza, kama kawaida yake.

Karatasi ilikuwa manjano.

"Salama, mama."