Mstari wa Mwisho Ubaoni

Siku niliyoharibu kura yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa kuwa ulikuwa mgongoni mwangu na ulikuwa umenilowesha. Nakuandikia kabla hujajua kusoma. Utakapojua, usije ukasema mama alikuficha.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa jimbo letu. Waingereza walisema mpiga kura awe amesoma, au awe na kipato wanachokitaka wao, au cheo. Nyumbani kwetu Gongoni aliyetimiza hayo nilikuwa mimi peke yangu, kwa cheti changu cha sekondari. Baba yako, fundi seremala, hakutimiza. Bibi yako, mama mkwe wangu, aliyelea watoto saba kwa kuuza asali ya Sikonge, hakutimiza. Nilikasirika, na hasira ninayo mpaka leo. Sioni sababu ya kuipunguza.

Tena kulikuwa na sharti jingine: kila mmoja achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Ukimwacha hata mmoja, karatasi yako ni bure. Chama chetu cha kudai uhuru kilikubali tuingie hivyohivyo, kikatutajia Mzungu na Mhindi waliokuwa upande wetu. Na ni mimi niliyezunguka majuma mazima kuwaambia walimu na wauguzi, "Alama tatu! Ukiweka mbili, ulikwenda kutembea tu."

Asubuhi ya kura bibi yako alikufunga mgongoni mwangu kwa kanga yake mwenyewe. "Nenda, mama Nyamizi. Unatupigia sote."

Mlangoni karani alikutazama. "Na huyu naye amefika darasa linalotakiwa?"

"Amewapita waliotunga sheria yenu," nikamjibu. Foleni nzima ikacheka.

Nikaingia kichwa kimevimba. Nikaliona jina la mtu wetu, nikaweka alama. Nikayatazama yale mengine. Nikasema moyoni: bibi yake Nyamizi amenyimwa hata moja, mimi nilazimishwe tatu? Sitaki! Nikakunja karatasi, nikaitumbukiza, nikatoka natembea kama bibi harusi.

Bibi yako nilimkuta uani anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeweka ngapi?"

"Moja. Ya mtu wetu. Hawawezi kunipangia."

Ungo ukatua chini. "Basi hukupiga."

"Mama, nilikuwa na hasira."

"Mimi sina? Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za tajiri asiyempenda, kwa miguu, mpaka pwani. Unajua kwa nini hakuutupa ule mzigo porini? Nta yetu ya kuuza aliifunga humohumo. Angetupa ya tajiri, angetupa na yetu. Wewe umetupa."

Mimi mwenye cheti nikainama kuuokota ungo.

Matokeo yalipobandikwa bomani tulikwenda naye. Mtu wetu alikuwa ameshinda kwa mbali, na wale wawili pamoja naye. Nikamsomea kwa sauti, kidole kikifuata ubaoni, wanawake nyuma yetu wakipiga vigelegele. Nilipofika chini kabisa, penye kura zilizoharibika, nikanyamaza.

"Kumebaki mstari," akasema, naye hajui hata a.

"Umejuaje, mama?"

"Kidole chako kimesimama juu yake."

Nikausoma. Kwa sauti ileile.

Mwanangu, sikuambii uache hasira. Ni haki yako, nami nimekunyonyesha nayo. Nakuambia hivi: ukitumwa ndani na watu waliofungiwa mlango, fanya kwanza kazi waliyokutuma. Hasira yako itakungoja nje, haiendi popote. Na mlango ule tutaufungua, sina shaka hata kidogo. Bibi yako ataingia kwa miguu yake, bila cheti cha mtu. Mungu akukuze, akupe kinywa kisichoogopa makarani na mkono unaomaliza ulichoanza, na kila kura utakayopiga ihesabiwe.