Mgongo wa Susu

Leo muuguzi aliyekuja nyumbani alipokunjua shuka ya nailoni ya kumtelezeshea mgonjwa ubavuni mwa mama yangu, nilisikia harufu ya gunia jipya la mbolea.

"Shika upande huo," akaniambia. "Tunavuta shuka, hatuvuti mgonjwa."

Nilipokuwa mtoto, godoro la susu, nyanya yetu, lilikuwa limefunikwa nailoni ya gunia la mbolea ili mkojo usipenye. Hakuweza kujigeuza, na joto la mchana lilimgandisha hapo. Chumba kizima kilinuka mkojo na kidonda.

Wamama wa kanisa wakaja kumwona. Kiongozi wao akasema, "Hatuwezi kumwombea amelala hivi. Tumkalishe."

"Ngojeni nilowanishe kwanza," mama akawaomba. "Ngozi imeshika."

Hawakungoja. Wakamshika makwapani wakamburuta hadi kwenye mto. Nilisikia sauti kama ya plasta ikibanduliwa, kisha susu akalia kama mbuzi. Kipande cha ngozi ya mgongo kilibaki kwenye nailoni, cheupe, kimelowa, na nzi wakatua juu yake kabla ya amina. Yule kiongozi akapangusa vidole kwenye blanketi ya susu, na kwa vidole hivyo hivyo akachagua paja la kuku tuliyekuwa tumewapikia.

Sasa tumevuta shuka, na mama ameteleza hadi kwenye mto bila hata kufungua macho. Mlangoni wamefika wageni wa kanisa, na mmoja tayari anakunja mikono ya sweta.

"Tumkalishe kidogo, tuombe."

Nasimama kati yake na kitanda.

"Ataombewa akiwa amelala," namwambia. "Na chai hakuna."